Siku ya Kufumbuliwa

5 Juni 1994
Mimi Dastani, mpulizia salpha namba moja kuanzia Mkomaindo hadi Lupaso, leo naanza kuandika habari za msimu. Shajara hii nimepewa na mnunuzi wa korosho, maana siku hizi soko ni huria, wanunuzi wamejaa kama nzi wa maembe na kila mmoja anatafuta marafiki. Wenzangu wamepewa kofia. Mimi alinitazama mara moja tu akasema, "Wewe mzee una sura ya kuandika." Hakukosea. Darasa la nne nililimaliza. La tano nilikaa mpaka mwalimu alipoona nimeanza kumpita, akaniomba niondoke kwa heshima.

Mikorosho imetoa maua, na ubwiri unga, ule ugonjwa mweupe unaoua maua, unanyemelea kama fisi. Mwaka jana nilipuliza shamba moja la Lupaso kwa nguvu hata ndege iliyokuwa inapita juu ikageuza kurudi Mtwara, rubani akidhani ameingia kwenye tufani. Mwenye kubisha akawaulize watu wa Lupaso.

Mtoto wa dada yangu, Yuliana, anakaa kwangu. Yuko mwaka wa mwisho chuo cha ualimu, upande wa sayansi. Zamani chuo kilikuwa kinalisha na kulaza. Sasa tumeambiwa tuchangie, basi anakwenda asubuhi na kurudi jioni, na mimi nachangia kitanda na ugali. Kwetu mtoto ni wa mjomba. Baba anaweza kumpa jina na viatu, lakini njia anaonyeshwa na mjomba. Mtihani wake ni Oktoba. Akipasua, ni mwalimu, wa kwanza katika tumbo la mama yetu. Akianguka, watu hawatasema Yuliana kaanguka, watasema Dastani hakujua kulea.

Jioni walikuja wageni, akiwemo mtani wangu Bwanali, muuza vipuri vya baiskeli. Nikaita, "Yuliana! Waambie wazee usanisinuru."

Akasimama wima. "Usanisinuru ni kitendo cha mmea wa kijani kujitengenezea chakula kwa kutumia mwanga wa jua, maji na hewa ya ukaa."

"Tena!"

Akarudia, hakuangusha hata neno. Bwanali akatikisa kichwa. "Dastani, huyu mtoto kameza redio."

"Na betri ni mimi," nikamwambia.

7 Juni
Ukungu. Nimepuliza tangu alfajiri, salpha ishike kwenye umande. Nimekula salpha nyingi kuliko mikorosho yenyewe.

12 Juni
Baridi. Hakuna habari.

20 Juni
Chuoni kaja mwalimu mpya wa sayansi, Ladislaus, kijana wa Lukuledi. Mwalimu Godfrey, yule mzee aliyekuwa akiwasomea nao wakiandika, kapelekwa ofisini kusaidia kazi za mkuu. Yuliana anasema huyu mpya hana daftari la kusomea. Aliingia, akaweka jani la mhogo juu ya meza, akawauliza, "Huyu anakula nini?" Kisha akanyamaza. Hakujibu mwenyewe mpaka kengele ikalia.

Nikamuuliza Yuliana, "Hajui?"

"Anajua, mjomba."

"Sasa mtu anayejua anawauliza wasiojua?"

Akacheka. Nikacheka na mimi, lakini moyoni sikuipenda.

24 Juni
Yuliana kaifunga mihogo yangu iliyo kando ya ukuta. Kaomba karatasi nyeusi za kaboni sijui ofisi gani, kafunika kipande cha jani huku, kipande kule, akabana kwa vibanio vya nguo. Bwanali kapita, kasimama. "Bwana, mihogo yako imevaa kaniki. Kuna msiba?"

28 Juni
Leo karudi mbio kutoka chuoni, viatu mkononi, jani mkononi, kanga imeshuka. Nilidhani kafukuzwa na ng'ombe.

"Mjomba! Mjomba, tazama! Palipofunikwa hapakutengeneza chakula!"

Jani lilikuwa limepauka kama la mgonjwa. Anasema wamelichemsha kwenye spiriti, wakalidondoshea iodini, dawa ile ya vidonda. Palipopata jua pakawa peusi kama masizi, ndiyo alama ya chakula. Palipofunikwa pakabaki vile vile.

"Ndiyo maana yake, mjomba! Miaka yote nasema 'mwanga wa jua, mwanga wa jua,' sikuwa najua nasema nini!"

Macho yalikuwa yanamwaka. Nikamwambia vizuri. Kisha nikamwambia, "Haya, taja na osmosisi." Akanitazama kidogo, akaenda kuinjika maji.

3 Julai
Siku mbaya. Alikuja mnunuzi aliyenipa shajara, na wenzake wawili, na Bwanali hakosi. Nikawa nawapa ile habari ya simba niliyemfukuza kwa mpini wa jembe kule njia ya Lupaso, alivyokimbia mpaka akaacha kiatu. (Wakacheka. Nikawaambia simba wa zamani walikuwa na adabu.) Kisha nikaita, "Yuliana, wape wageni usanisinuru!"

Akatoka, akawaamkia wote kwa adabu. Kisha akasema, "Mjomba, kwanza na mimi niulize. Huu mkorosho wenu unaokua kila mwaka, huo mwili wake wote unatoka wapi?"

"Kwenye udongo," mnunuzi akasema.

"Kama ni udongo, mbona chini ya mkorosho hakuna shimo?"

Mnunuzi akatazama chini ya miguu yake. Halafu Bwanali akaangua kicheko, akapiga paja. "Dastani! Redio imeanza kukuuliza maswali! Jibu basi, wewe si betri?"

Wageni wakacheka. Nilicheka pia, maana mwanaume akichekwa sharti acheke wa kwanza, na mimi nilikuwa nimeshachelewa.

Walipoondoka nikamwita. "Unaniaibisha mbele ya wageni?"

"Sikukuaibisha, mjomba. Ni swali zuri, na mimi bado nalifikiria."

"Mtihani utakuuliza shimo?"

Akaokota vikombe vya wageni, akaingia navyo ndani.

5 Julai
Nieleze hapa, maana karatasi haicheki.

Mimi ni kungwi. Vijana niliowatoa jando wamejaa Masasi nzima, wengine sasa wana vitambi. Najua kufundisha. Kumbini, kwenye kibanda cha jando, mtoto anaimba kwanza. Anaimba maneno yasiyo na kichwa wala miguu: nyoka kavaa kofia, chungu kimezaa pacha. Akiuliza maana, anachapwa. Anaimba mpaka wimbo unaingia kwenye mifupa. Siku ya mwisho, kabla kumbi haijachomwa moto, tunawaketisha na kuwafumbulia: nyoka ni hiki, chungu ni kile, hivi ndivyo mtu anavyoishi na mkewe, hivi ndivyo anavyozika. Nimeona vijana wakilia siku hiyo. Wimbo uliokuwa takataka mdomoni unageuka mali.

Ukimfumbulia mtoto kabla wimbo haujashika, umemwaga. Hatashika wimbo, na maana itakosa pa kukaa. Huyu Ladislaus anawafumbulia watoto wa watu kabla hawajaimba. Ni kijana, hajui. Lazima mtu mzima aseme.

9 Julai
Nimepuliza. Upepo mbaya, nusu ya salpha imeingia kwa jirani.

15 Julai
Leo ilikuwa siku ya wazazi chuoni. Dada yangu, Mama Yuliana, kaja kutoka Lupaso kavaa viatu vya harusi.

Kabla ya mkutano nilipita darasa la Ladislaus. Walikuwa nje, chini, magoti kwenye vumbi, wanatazama siafu. Yuliana alikuwa anabishana na kijana mmoja, kidole usoni kwake, na mwalimu kakaa pembeni anasikiliza kama aliyealikwa. Nikaingia darasani nikafungua daftari la Yuliana lililokuwa juu ya dawati. Kurasa mbili zimeandikwa, zilizobaki michoro na alama za kuuliza. Mwezi mzima! Nikalichukua.

Mkutanoni mkuu wa chuo akasema mambo ya michango na madawati. Alipouliza nani ana neno, nikasimama. Watu wakakaa sawa, maana Dastani akisimama hawalali. Nikawaambia habari ya mpishi aliyefunua chungu kila mara atazame kama ubwabwa umeiva, mpaka mvuke wote ukaisha, wageni wakala mchele mbichi, na mmoja tumbo likavimba hata leo anaitwa Pipa. Wakacheka. Kisha nikaliinua daftari.

"Wazazi wenzangu, hiki ndicho chungu cha wanetu. Oktoba kitafunuliwa na Baraza la Mitihani. Kuna ubwabwa humu?"

Kicheko kikakatika. Mama mmoja akasema, "Na la wangu liko hivyo hivyo." Mwingine, "Wangu ananiuliza kwa nini moto unapanda juu, kuni zenyewe hajaleta." Sauti zikawa nyingi. Mkuu wa chuo akafuta jasho, na ilikuwa Julai. Hakukasirika. Nilimwona kama mtu aliyekuwa anasubiri aambiwe.

Ladislaus alisimama. "Wazazi, shikamooni. Naomba mniamini mpaka Oktoba. Mtu akishajua kwa nini, kutaja hakumsumbui."

"Na akisumbuka?" nikamuuliza. "Utakuja wewe kumfanyia mtihani mpwa wangu?"

Watu wakapiga makofi. Yeye akasema, "Nimekusikia, mzee," akakaa.

Njiani Yuliana alitembea mbele yetu. Dada akaninong'oneza, "Kaka, umesema vizuri. Lakini mbona mtoto analia?"

Nikamwambia dawa ya kweli ni chungu.

18 Julai
Bwanali kaniita Mheshimiwa. Mkomaindo nzima wananisalimia.

2 Agosti
Ladislaus kahamishwa. Si chuoni tena, bali shule ya msingi huko Newala, juu kabisa. Mwalimu Godfrey karudi na madaftari yake. Nilishinda. Nimechinja jogoo.

Yuliana hakula nyama. Kasema tumbo.

8 Agosti
Maua yanaanza kushika korosho.

14 Agosti
Yuliana kaandika daftari zima. Nimelipima mkononi, zito.

15 Agosti
Kaandika.

16 Agosti
Kaandika. Mihogo ya ukutani imekauka, nimeing'oa. Hakuuliza.

21 Agosti
Wageni. Nikaita. Akatoka, akasimama, akataja usanisinuru, osmosisi, na mambo ya moyo wa chura ambayo sikuwa nimeyasikia bado, bila kusita. Wakapiga makofi kuliko mara ya kwanza. Alikuwa anatazama ukuta. Bwanali hakutania, alisema tu, "Mtoto kakonda," akaomba maji.

30 Agosti
Zamani Yuliana alikuwa ananifuata alfajiri kuniangalia nikipuliza, ananiuliza kwa nini umande, kwa nini si jioni, mpaka namwambia nyamaza utameza salpha. Leo nilimwamsha nikamwambia, twende. Kasema, "Nina kurasa, mjomba." Nikaenda peke yangu.

11 Septemba
Korosho za kwanza zimeanguka. Leo nilianza na furaha; sasa naandika kirefu, maana nisipoandika nitavunja kitu.

Nilihesabu kuwa mtihani umekaribia, basi na siku ile nyingine imekaribia. Mimi ni kungwi, naijua hiyo siku. Mtu anakuwa kaimba, kakonda, kachoka, kawachukia wakubwa wake. Ni kawaida. Hata mimi niliwachukia. Ndipo anafumbuliwa, na chuki inakwisha siku hiyo hiyo. Nilikuwa nimemvumilia Yuliana na ukimya wake kwa sababu hiyo. Nikamtumia dada salamu aje na kuku na unga. Nikamkalisha Yuliana.

"Mama, siku ya kufumbuliwa ni lini? Ni wiki hii au ijayo?"

"Kufumbuliwa nini, mjomba?"

"Hizo nyimbo. Osmosisi, moyo wa chura, vyote. Mwalimu Godfrey anawaketisha lini awape maana?"

Akanitazama. Tangu Julai hakuwa amenitazama machoni.

"Haipo, mjomba."

"Haipo vipi? Kabla ya kutoka lazima iwepo. Siku ya mwisho."

"Siku ya mwisho ni mtihani. Tunaingia, tunaandika, tunatoka. Kisha tunakwenda kuwaandikia watoto wengine."

"Na maana?"

"Mwalimu Godfrey hana cha kufumbua, mjomba. Na yeye aliandikiwa hivi hivi."

Nikakaa. Nilisema labda anatania, kumbe mtoto hajui kutania tena. Nikamwambia, "Wewe ulijua hivi ile siku ya wazazi?"

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umesimama, mjomba. Watu wanapiga makofi."

Dada kafika na kuku. Nimemwambia amfungue, arudi naye.

Kumbi inayoimbisha watoto na haiwafumbulii si kumbi. Ni mateso tu. Hata kungwi mlevi hathubutu.

14 Septemba
Nimepanda lori la korosho hadi Newala. Mlimani lori lilizima, tukasukuma. Ningeweza kuandika kuwa nililisukuma peke yangu.

Nimemkuta Ladislaus kwenye foleni ya maji, ndoo yake ikiwa kama ya mia. Huko juu maji ni kama dhahabu. Shikamoo, marahaba. Hakuonyesha kushangaa.

"Mzee Dastani. Umekuja kutazama chungu kimeivaje?"

"Nimekuja kukuomba."

Nikamweleza habari ya kumbi, na siku ya mwisho, na nilivyodhani chuo nacho kina siku yake. Alinisikiliza, huku anasogeza ndoo kwa mguu.

"Kwa hiyo hukuniona mjinga," akasema. "Uliniona nimewahi."

"Nilikuona umewahi."

Akacheka, lakini si cha kunicheka. "Mzee, hilo hakuna mzazi aliyeniambia. Mkuu wa chuo aliniambia tu nimemletea kelele. Ningejua, ningekufuata nyumbani."

"Njoo sasa. Mfumbulie. Hata kwa siku moja."

Foleni ikasogea. Akafikiri mpaka ndoo yake ikajaa. "Nitashuka Jumapili. Usimwambie nakuja kufundisha. Mwambie nakuja kumuuliza."

18 Septemba, Jumapili
Kafika kabla ya adhuhuri, vumbi mpaka kwenye kope, maana alipanda juu ya magunia. Nilikuwa nimefagia uwanja mwenyewe. Bwanali aliniona na ufagio, akapita bila neno.

Yuliana akatoka na daftari kifuani. "Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, Yuliana. Lile swali lako la shimo chini ya mkorosho, mjomba wako kanisimulia. Hakuna aliyewahi kuniuliza vile. Umefika nalo wapi?"

Alitaka kusema. Niliona, mimi niko pale, uso ulisogea kama mtu aliyeitwa kwa jina lake la utotoni. Mdomo ukafunguka. Kisha akalibana daftari kwa mikono yote miwili.

"Mwalimu, naomba unisamehe."

"Kwa nini?"

"Nikianza kufikiri, yanapotea niliyokariri. Jana nilijaribu. Nilifikiri kidogo tu, nikapoteza ukurasa mzima wa figo." Akaanza kulia. "Ungebaki baada ya Julai, ningekufuata. Sasa nimeshajaa. Niache nipite na hiki nilicho nacho."

Nikasema, "Yuliana, mwalimu katoka Newala juu ya magunia."

"Mwache, mzee," Ladislaus akasema. "Anasema kweli. Huu si wakati wa kumvuruga." Akamgeukia. "Nenda kakariri, mama. Upite. Kufikiri hakuna tarehe."

Yuliana akaingia ndani. Tukasikia sauti yake inaanza tena, ya chini, sawasawa. Ladislaus alikunywa maji, akakataa chakula. Nilimsindikiza mpaka barabarani, tukasubiri lori. Nilitafuta hadithi ya kumchekesha, sikuipata hata moja.

4 Oktoba
Mtihani umeanza. Nimemwamsha, nimemchemshia uji.

7 Oktoba
Umekwisha. Kalala mchana kutwa.

2 Novemba
Mavuno mazuri. Wanunuzi wanagombana mlangoni, mimi nawasikiliza tu.

23 Novemba
Majibu yametoka. Yuliana kafaulu, na sayansi ndiyo kashinda chuo kizima. Dada kaja anapiga vigelegele tangu barabarani, majirani wamepokea, Bwanali kaja na soda kreti nzima. Kapangiwa shule ya msingi hapa hapa wilayani, ataanza Januari, atafundisha sayansi.

Nilikuwa uani nakaanga korosho za wageni juu ya bati. Ganda likapasuka, mafuta yake yakanirukia mkononi, ngozi ikaungua papo hapo. Miaka yote nimeungua na sijawahi kujiuliza. Leo nikajiuliza. Yuliana alikuwa amekuja na maji kunimwagia.

"Mama, hebu niambie," nikamwambia, na nilikuwa na maana, sikuwa natania. "Ganda lina sumu ya kuchoma hivi, na mbegu iko ndani yake, imegusana nalo, tamu. Kwa nini haiungui yenyewe?"

Nikasubiri. Ningesubiri mpaka jua lizame.

Akanimwagia maji polepole, akaukausha mkono kwa pembe ya kanga yake. Uso wake ulikuwa mpole, wa mtu mwenye adabu.

"Hilo halimo kwenye muhtasari, mjomba."

Akarudi kwa wageni. Huko mbele wanaimba, wanalitaja jina langu. Mkono unawaka. Swali ninalo, sijui nilipeleke kwa nani.